Miaka 11 ya Profesa Mukandala Mlimani, Ikitazamwa kutoka Mpanda

Mkoa wa Katavi ulizaliwa Machi 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, mwaka uleule uliotupa Geita, Simiyu na Njombe. Mpanda ikawa makao makuu. Mkoa mpya ulikuwa na reli, ulikuwa na Hifadhi ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974, ulikuwa na Ziwa Tanganyika upande wa Karema na bonde la Rukwa upande wa Mpimbwe. Chuo kikuu chake wenyewe haukuwa nacho. Kijana wa Mpanda aliyefaulu kidato cha sita alijua kwamba masomo ya juu yako mbali, na kwa familia nyingi umbali huo ulikuwa na jina moja: Mlimani.

Aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka huo ni Profesa Rwekaza Mukandala, mwanasayansi ya siasa. Alikabidhiwa ofisi mwaka 2006 akimpokea Profesa Mathew Luhanga, mhandisi aliyekaa pale tangu 1991, na akaiacha mwaka 2017 mikononi mwa Profesa William Anangisye. Historia za vyuo vikuu huandikwa mara nyingi na watu waliokaa karibu na jengo la utawala. Hii naiandika kutoka huku kwetu kwa makusudi. Chuo kikuu cha umma hugharamiwa pia na mkulima wa tumbaku wa Mishamo na mkulima wa mpunga wa Mwamapuli, na hao wana haki ya kuuliza kiongozi wake aliwafanyia nini.

Mlimani aliyoikuta Mukandala kama mwanafunzi wa miaka ya 1970 haikuwa mahali pa utulivu. Chuo kilikuwa kimeanza tarehe 25 Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi wa sheria wachache wasiojaza hata basi, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Baada ya Azimio la Arusha wahadhiri na wanafunzi wakaanza kugombania chuo ni cha nani na kinafundisha nini. Walter Rodney alifundisha historia pale na kitabu chake kuhusu Ulaya na umaskini wa Afrika kikachapishwa mwaka 1972. Yoweri Museveni alikuwa amehitimu miaka miwili kabla, katika siasa na uchumi. Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Dar es Salaam ikasimama yenyewe. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma lililotaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu.

Mwaka huohuo wa 1974, kijana wa Mpimbwe aliyekuwa akisoma sheria palepale alihitimu. Jina lake Mizengo Kayanza Pinda, aliyezaliwa mwaka 1948 katika familia ya wakulima. Huyu atarudi katika habari hii, kwa sababu kuna mwaka mmoja ambapo yeye na Mukandala walijikuta pande mbili za mzigo uleule.

Mukandala alichagua fani ya kuuliza nani ana madaraka na anayatumiaje. Shahada yake ya uzamivu aliipata mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, kwa utafiti uliolinganisha mashirika ya umma ya Tanzania na ya Botswana. Kwa msomaji wa leo habari za mashirika ya umma zinaweza kuonekana kama mavumbi ya faili za zamani. Wakati ule lilikuwa swali linalochoma. Nchi ilikuwa na mamia ya mashirika, mengi yakipata hasara, na kila moja lilikuwa na bodi iliyoteuliwa na mkubwa, bajeti iliyosubiri Hazina, wafanyakazi waliodai haki zao na mkurugenzi aliyepokea maagizo kwa simu. Mukandala alitaka kujua kwa nini Botswana waliweza kuyaendesha ya kwao na sisi yakatushinda.

Naamini utafiti huo ulimwandaa kwa kazi ya mwaka 2006 kuliko cheo chochote alichopewa kabla yake. Chuo kikuu cha umma nacho kina bodi inayoitwa Baraza, kina Hazina, kina wizara, kina vyama vya wafanyakazi, na juu ya hao wote kina wanafunzi ambao hakuna shirika jingine lenye watu wa namna yao. Alikwenda kukaa kwenye kiti alichokuwa amekichunguza.

Kabla ya hapo alijijengea jina katika Idara ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Mwaka 1994 yeye na Haroub Othman walihariri kitabu kuhusu uchaguzi wa 1990, wa mwisho kufanyika chini ya chama kimoja. Mwaka 1999 akatoa na Goran Hyden kitabu kilicholinganisha misaada ya China, Sweden na Marekani kwa Tanzania. Mwaka 2006 alikuwa miongoni mwa wahariri wanne wa kitabu kuhusu dini na siasa nchini, pamoja na Saida Yahya-Othman, Samuel Mushi na Laurean Ndumbaro. Ukiziweka kazi hizo pamoja unaona mtu aliyependa kushughulika na mambo yaliyo moto bado, kabla hayajapoa na kuwa historia.

Kazi iliyomfikisha hadi wilayani ni REDET, mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia ulioanzishwa na idara hiyo mwaka 1992. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imezunguka nchi nzima na kukuta Watanzania wengi, takriban wanane katika kila kumi, wakitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na sheria ikaanza kutumika Julai 1992. Nchi ikajikuta ina mfumo ambao wengi hawakuuomba na wachache waliuelewa. REDET ilifanya warsha, ilifuatilia chaguzi, ilipima maoni ya watu, na Mukandala akawa mmoja wa viongozi wake wakuu.

Mpanda ilikuwa darasa zuri la somo hilo, ingawa nchi haikutuangalia sana. Mwaka 2005, Chadema ilipopata majimbo 5 tu Tanzania nzima, moja lilikuwa Mpanda Kati, chini ya Said Amour Arfi. Mwaka 2010 mji wa Mpanda ukamrudisha tena bungeni. Huku nje ya mji, mbunge alikuwa wa CCM, Pinda yuleyule, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu. Wilaya moja ya pembezoni, yenye barabara ya vumbi pande zote, iliweza kumpa nchi Waziri Mkuu na mbunge wa upinzani kwa wakati mmoja, na watu wakaendelea kuuziana mpunga na kuzikana. Tulipaswa kuandikiwa tasnifu kadhaa.

REDET nayo ililaumiwa, na lawama hiyo ni sehemu ya historia. Kura yake ya maoni kabla ya uchaguzi wa 2010 ilimpa Jakaya Kikwete zaidi ya asilimia 70. Alipata takriban 62. Wapinzani walisema wasomi wa Mlimani wanaipendelea serikali. Ukweli ni kwamba tofauti ya aina hiyo hutokea katika utafiti wa maoni mahali pengi, lakini chuo kikuu kikishaingia katika biashara ya kutabiri washindi, heshima yake huhesabiwa pamoja na kura.

Sasa turudi kwenye kiti. Mukandala hakupewa muda wa kuzoea. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitengana na watoto wake wawili kwa mpigo: Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili cha afya, na chuo cha ardhi kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza, kikihitaji wahadhiri, na wahadhiri hao wangetoka wapi kama si Mlimani? Kijana wa Mpanda sasa aliweza kushuka treni Dodoma asifike Dar es Salaam. Kwetu hiyo ilikuwa habari njema. Kwa Makamu Mkuu wa Chuo ilikuwa hesabu ngumu ya watu na fedha.

Safari yenyewe inastahili kuelezwa kwa wale wanaopanda basi la leo. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, yapata kilomita 210, ilijengwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na wanafunzi wakairithi. Mwezi wa kufungua chuo ungewaona stesheni ya Mpanda na sanduku la bati, godoro la sponji lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani, na dumu la asali ambalo mama amelizibia mdomo kwa nailoni ili lisivuje njiani. Treni inavuka mto Ugalla, inaingia Kaliua, Urambo, Tabora. Pale Tabora unasubiri mabehewa yaunganishwe na ya Kigoma na Mwanza, kisha Manyoni, Dodoma, Morogoro. Asali ile ilikuwa na kazi: nusu huliwa, nusu huuzwa kwa vikombe bwenini kabla bumu halijatoka.

Bumu ni fedha ya kujikimu, na mtu asiyejua neno hilo hakusoma chuo kikuu Tanzania katika miaka hii. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Nia ilikuwa njema, kwani serikali haikuweza tena kumlipia kila mtu bure kama enzi za Mwalimu, na idadi ya wanafunzi ilikuwa ikipanda kila mwaka. Lakini Bodi iliwapanga waombaji kwa uwezo wa wazazi. Mmoja alipata asilimia 100, mwingine 80, mwingine 60 na kushuka, na sehemu iliyobaki ilikuwa juu ya familia.

Tatizo la mfumo huo lilionekana wazi zaidi huku kwetu kuliko Dar es Salaam. Mkulima wa tumbaku hulipwa mara moja kwa mwaka, baada ya masoko, na malipo mara nyingi huchelewa. Ukimkuta ameshalipwa, ana fedha kumzidi karani wa serikali. Ukimkuta Januari, anakopa chumvi. Fomu ya mkopo humuuliza kipato chake kana kwamba kinaingia kila mwezi. Mfugaji mwenye ng'ombe 60 kule Mpimbwe ni tajiri kwenye karatasi, na mwanaye anakula mlo mmoja Mlimani kwa sababu ng'ombe hawezi kutumwa kwa simu. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mfanyabiashara wa Kariakoo waliweza kuangukia daraja moja.

Novemba 2008 mambo yakafumka. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma waligoma wakidai mkopo wa asilimia 100 kwa wote, na vyuo vikafungwa, Mlimani ikiwemo. Wanafunzi wakaamriwa kuondoka. Kwa wa Kibaha au Bagamoyo hilo lilikuwa jambo la nauli ya daladala. Kwa wa Mpanda lilikuwa jambo la siku kadhaa njiani na nauli ambayo haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote, na wengi walijibanza kwa ndugu Manzese na Mbagala wakisubiri redio iseme chuo kimefunguliwa. Kurejea mwanzoni mwa 2009 kulikuja na masharti, na kulipa sehemu ya familia lilikuwa mojawapo.

Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, aliyeteuliwa Februari 2008 baada ya Edward Lowassa kujiuzulu. Nchi nzima ilimwita mtoto wa mkulima. Alisoma Mlimani wakati serikali ilipokuwa ikilipa kila kitu, na sasa yeye ndiye msimamizi wa shughuli za serikali ambayo haikuweza tena kufanya hivyo. Mukandala upande wake aliongoza chuo ambacho hakikutunga sera ya mikopo, lakini ndicho kilichokuwa na mabweni, geti na walinzi, kwa hiyo hasira ikaishia mlangoni kwake. Aliyesoma mashirika ya umma miaka ya 1980 alilijua jambo hili tangu zamani: uamuzi hufanyika ofisi moja na lawama huangukia nyingine.

Je, angeweza kufanya zaidi? Ndiyo, nadhani. Makamu Mkuu wa Chuo mwenye sauti katika taifa, tena profesa wa siasa, angeweza kusimama hadharani na kusema kwamba kipimo cha uwezo wa mzazi kinamwonea mkulima wa msimu mmoja. Hilo lilisemwa na wanafunzi kwa mawe na nyimbo, wakati lilihitaji kusemwa kwa takwimu na mtu mwenye koti la profesa. Migomo iliendelea kujirudia miaka iliyofuata, na kila mara kundi la wanafunzi lilisimamishwa masomo. Katika miaka yake 11 hili ndilo eneo ninaloliona pungufu zaidi.

Eneo la pili lilikuwa malazi, na hapa mwisho ulikuwa bora. Mabweni hayakutosha tangu miaka ya 1990, na wanafunzi walibuni utaratibu wao: kubebana. Aliyepata chumba humbeba mwenzake aliyekosa. Kitanda cha futi tatu wakalala wawili mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule, na chumba cha wanne kikalaza wanane. Mtoto wa Katavi asiyekuwa na shangazi Dar es Salaam alibebwa mwaka wa kwanza na akambeba mwingine mwaka wa pili, na sijui ni madaktari na walimu wangapi wa mkoa huu walitengenezwa na ukarimu huo ambao haukuandikwa kwenye kanuni yoyote.

Juni 2016 Rais John Magufuli alikwenda Mlimani kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, na papo hapo akaahidi shilingi bilioni 10 za mabweni. Yalijengwa na Wakala wa Majengo majengo 20, kila moja la wanafunzi 192, jumla 3,840, yakazinduliwa tarehe 15 Aprili 2017. Desemba mwaka huo picha za nyufa zilisambaa na kuzua mjadala, Wakala ukieleza kwamba ni maungio yaliyoachwa ili jengo liweze kutanuka. Mjadala ulipita na vitanda vikabaki. Kwa aliyewahi kulala mzungu wa nne, vitanda 3,840 ni jambo kubwa kuliko hotuba nyingi.

Maktaba ile ilijengwa kwa msaada wa China, na ilipozinduliwa Novemba 2018 ilikuwa na nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za vitabu 800,000. Mukandala alikuwa ameshaondoka. Lakini fikiri: mwaka 1999 ameandika juu ya misaada ya China Tanzania, akiuliza mpokeaji anabaki na uhuru kiasi gani, na mwaka 2016 amesimama kama mwenyeji wa hafla ya msaada mkubwa wa China chuoni kwake. Ningependa sana aandike sura ya pili ya kitabu kile, safari hii akiwa upande wa anayepokea funguo.

Mambo mengine niyapitie kwa haraka, ingawa kila moja lina uzito wake. Mwaka 2008 kilianzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za umajumui wa Afrika, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mwaka uliofuata Wole Soyinka akaja kuzungumza Mlimani. Mwaka 2009 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuzaa TATAKI, ambayo kamusi yake imo mikononi mwa kila mwalimu wa Kiswahili wa Mpanda aliye makini na kazi yake. Oktoba 2011 chuo kikasherehekea miaka 50.

Kuna moja sitalipita haraka, kwa sababu ndilo lililotufikia Katavi kwa miguu. Mwaka 2005, chini ya Luhanga, Chuo cha Ualimu Chang'ombe na Mkwawa ya Iringa viligeuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE na MUCE. Wahitimu wao wa kwanza walitoka Mukandala akiwa ofisini. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imejenga shule za sekondari za kata, madarasa mengi yakiwa na ubao, chaki na hakuna mwalimu. Katika kata za Nsimbo, Inyonga, Usevya na Karema, mtu wa kwanza mwenye shahada ambaye wanafunzi walimwona kila siku alikuwa mwalimu kijana kutoka vyuo hivyo, aliyefika na begi moja akiuliza nyumba ya kupanga iko wapi. Wengine waliomba uhamisho baada ya mwaka mmoja. Waliobaki wamefundisha watoto ambao leo nao ni wahitimu. Hakuna jiwe la msingi linalowataja, lakini nikiulizwa chuo kikuu kiliwahi kufika Katavi lini, jibu langu litaanza na walimu hao.

Na wanafunzi wao walikuwa kina nani? Wengine ni watoto wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kwa miaka mingi kijana aliyezaliwa Mishamo aliweza kufaulu vizuri na bado akakwama, kwa kuwa mkopo wa elimu ya juu ni wa raia. Serikali ilipowapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na Ulyankulu, na vyeti vikagawiwa kuanzia mwaka 2014, mlango wa chuo kikuu ulifunguka pamoja na mlango wa kura. Profesa wa siasa anajua kwamba uraia hupimwa kwa mambo kama hayo: je, jina lako linaweza kuingia kwenye orodha ya mikopo?

Baada ya Mlimani, Mukandala hakustaafu utumishi. Mwishoni mwa 2021 kulifanyika mkutano wa wadau wa vyama vya siasa Dodoma, na kikaundwa Kikosi Kazi cha kuchunguza hali ya demokrasia ya vyama vingi, yeye akiwa mwenyekiti. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka ambayo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Chadema ilikataa kushiriki. Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo alikuwemo. Ripoti kamili ilikabidhiwa kwa Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 21 Oktoba 2022, ikipendekeza mikutano iruhusiwe, sheria za uchaguzi zirekebishwe na mchakato wa Katiba mpya ufufuliwe. Tarehe 3 Januari 2023 Rais aliondoa zuio la mikutano. Sheria mpya za uchaguzi zikafuata mwaka 2024. La Katiba halijatimia, na walioikosoa ripoti kwa kuliweka jambo hilo taratibu mno wana hoja. Hata hivyo, mtu aliyeanza kwa kuandika juu ya uchaguzi wa mwisho wa chama kimoja alifika uzeeni akisimamia mapendekezo ya namna ya kuishi na vyama vingi, na uzi huo haukukatika kwa karibu miaka 30.

Katavi nako mambo yalisogea. Chuo Kikuu Huria kilikuwa tayari na kituo chake Mpanda, na baada ya kuacha uwaziri mkuu Pinda aliteuliwa kuwa Mkuu wa chuo hicho. Lakini chuo cha kukaa darasani kilikuja kwa njia nyingine: Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), iliyoko Mpimbwe, Wilaya ya Mlele. Ukifuatilia ukoo wake unarudi palepale. SUA ilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Morogoro kabla ya kusimama yenyewe Julai 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, aliyefariki Aprili mwaka huo. Kampasi yetu ni mjukuu wa Mlimani.

Kitu kinachonifurahisha zaidi pale ni shahada ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Wakonongo wa Inyonga wamerina asali katika miombo kwa vizazi vingi, wakitundika mizinga ya magome juu ya mti na kujua kwa harufu ya moshi kama nyuki wametulia. Dumu la asali lililosafiri kwa treni kwenda kuuzwa kwa vikombe bwenini Mlimani sasa lina maabara karibu na lilikotoka. Mtoto wa mrina asali anaweza kusoma kazi ya baba yake hadi shahada bila kupita Kaliua. Majirani nao hawakuachwa: kampasi za vyuo vikuu vya umma zinajengwa Rukwa na Kigoma pia. Ukanda huu wa magharibi, uliokuwa ukitoa wanafunzi na kupokea wahitimu wachache, unaanza kuwa na wahadhiri wanaoishi humo.

Kampasi hiyo Mukandala hakuijenga, na sitaki kumpa sifa isiyo yake. Ninachosema ni kwamba alipokea chuo na akakiongoza katika kipindi ambacho kililazimika kugawana walimu, wanafunzi na jina na wengine, bila kusambaratika. Viongozi wengi wa mashirika aliyoyachunguza ujanani walishindwa mtihani huo. Waliposikia kugawana walishika zaidi. Yeye aliacha chuo chenye vitanda zaidi, chenye TATAKI na Kigoda, na chenye wahitimu wa ualimu hadi Karema. Aliacha pia suala la mikopo bila jibu la haki kwa mkulima, na hilo bado linatusubiri.

Ombi langu ni kwa uongozi wa kampasi ya Mpimbwe na kwa wana Katavi waliopita Mlimani. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliandikwa na Isaria Kimambo, Bertram Mapunda na Yusuf Lawi na kutoka mwaka 2008, Mukandala akiwa ofisini. Mwaka uliofuata Luhanga akachapisha kumbukumbu zake. Iliwezekana kwa sababu mihutasari, barua na picha vilikuwa vimetunzwa na waliokuwepo walikubali kusimulia. Sisi tuko mwanzoni. Waliotoa ardhi, waliofundisha darasa la kwanza na wanafunzi waliolala wa kwanza kwenye mabweni yale wako hai na kumbukumbu zao ni nzima. Kampasi itenge chumba na mtunza nyaraka mmoja. Na wewe uliyebebwa Mlimani kwa mwaka mzima, andika ilikuwaje, utaje mwaka na bweni, upeleke karatasi hiyo Mpimbwe.